Metali Inayokataa: Uchambuzi wa Onyesho la Tindikali Darasani

Miongoni mwa maonyesho yote ambayo mwalimu wa kemia hutakiwa kuyafanya mbele ya wanafunzi wake, hakuna lililo jepesi kutenda, la haraka kujibu, na lenye kupendwa na hadhira kuliko lile la kutumbukiza kipande cha metali ndani ya tindikali; kwani halihitaji moto wa kuchemshia, halihitaji umeme, wala halihitaji chombo cha thamani kupita neli ya kioo, na kabla mwalimu hajamaliza sentensi yake vipovu vimekwisha kupanda, neli imekwisha kupata joto mkononi, na kijiti chenye mwali kikisogezwa mdomoni mwake hutokea mlio mfupi mkali unaoamsha hata waliosinzia madawati ya nyuma. Wepesi huo ndio fadhila ya onyesho hili, na kwa maoni yangu ndio pia taksiri yake. Maana jambo lenye kufanikiwa upesi namna hiyo halimpi mtu sababu ya kuuliza limefanikiwaje, na darasa hutawanyika likiwa na yakini ya kanuni moja fupi, kwamba tindikali ikikutana na metali huzaa chumvi na haidrojeni, kanuni ambayo ikiachwa bila masharti wala mipaka ni nusu tu ya kweli.

Ninachokusudia kuchambua hapa, basi, si namna ya kulifanya onyesho hili, ambayo vitabu vya shule vinaieleza vya kutosha, bali ni kile ambacho onyesho hili linakithibitisha hasa, na jinsi linavyopasa kupangwa ili liwe burhani na si tamasha.

Asili yake ni ya zamani. Robert Boyle alieleza mnamo 1671 jinsi chenga za chuma zilivyotoa hewa yenye kushika moto zilipomiminiwa tindikali, lakini yeye aliishia katika ajabu ya ule moto, wala hakuipa ile hewa nafasi yake peke yake miongoni mwa vitu vya maumbile. Karibu karne nzima ikapita hata Henry Cavendish wa London, bwana mwenye mali nyingi, haya nyingi zaidi, na mizani iliyo sahihi kupita za wenzake, akaichukua kazi hiyo upya. Naye mnamo 1766 aliieleza Royal Society kwamba ameyeyusha zinki, chuma na bati katika tindikali mbalimbali, akaikusanya hewa iliyotoka, akaipima uzito, akaiona kuwa nyepesi mno kuliko hewa tunayoivuta, na kwamba ni kitu kingine kabisa.

Sasa hapa pana jambo ambalo mwalimu angefaidika kulijua kabla hajaingia darasani. Cavendish, mpimaji hodari kuliko wote wa zama zake, aliamini kwamba hewa ile inatoka ndani ya metali. Wala hakuamini hivyo kwa uvivu wa fikra, bali kwa hoja: kiasi kilekile cha zinki, akiyeyushe katika tindikali ya salfuriki au katika tindikali ya haidrokloriki, kilimpa kiasi kilekile cha hewa, tindikali imebadilika, hewa haikubadilika, basi chimbuko lake litakuwaje tindikali? Fauka ya hayo, macho yake yalishuhudia vipovu vikizaliwa juu ya uso wa metali, si katikati ya maji, na elimu ya wakati ule ilifundisha kwamba kila metali imebeba ndani yake asili ya moto iitwayo flojistoni, ambayo huponyoka metali inapoharibika. Hoja, macho na elimu ya zama vilikubaliana vyote vitatu, na vyote vitatu vilipotea njia.

Ilichukua muda mrefu kuirudisha elimu njiani. Antoine Lavoisier wa Ufaransa, baada ya kuthibitisha mnamo 1783 kwamba hewa ile ikiungua huzaa maji, aliifukuza flojistoni katika kemia, lakini akaleta kosa jingine mahali pake kwa kudai kwamba kila tindikali lazima iwe na oksijeni ndani yake. Humphry Davy mnamo 1810 akaonyesha kwamba klorini ni elementi, na kwa hiyo tindikali ya haidrokloriki haina oksijeni hata chembe. Justus von Liebig, Mjerumani, mnamo 1838 akaiweka tindikali katika fasili ambayo mwanafunzi wa leo angeitambua, kuwa ni kitu chenye haidrojeni inayoweza kuondolewa na metali ikakaa mahali pake. Na Svante Arrhenius wa Uswidi mnamo 1884 akafungua mlango wa kuieleza haidrojeni hiyo kuwa inaelea majini katika hali ya ioni zenye chaji ya umeme. Tangu Cavendish hadi Liebig ni miaka 72 ya watu wenye akili nyingi na mizani nzuri. Mwanafunzi wa sekondari yeye hupewa kipindi cha dakika 40, tena katika hizo tano huishia katika kuita majina.

Naam, ukimwuliza mwanafunzi huyo, baada ya mlio kusikika na makofi kupigwa, ile gesi imetoka wapi, aghalabu atajibu kama alivyojibu Cavendish: imetoka katika magnesi. Na kwa nini asijibu hivyo? Ameona kwa macho yake utepe wa magnesi ukielea, ukizungukazunguka, ukitoa vipovu pande zote mpaka ukaisha. Kilichopungua ni metali, na kilichotokea ni gesi. Mwenye kuhesabu kwa macho ataunganisha viwili hivyo. Mlinganyo alioandikiwa ubaoni unasema vinginevyo, lakini mlinganyo ni habari aliyoipokea, ilhali vipovu ni ushahidi aliouona, na habari ya kupokea haiwezi kuushinda ushahidi wa macho mpaka uletwe ushahidi mwingine wa macho wenye nguvu zaidi. Kwa sababu hii nashikilia kwamba onyesho la metali moja na neli moja halijakamilika, hata likifana namna gani.

Ushahidi huo mwingine upo, tena haugharimu kitu. Njia ya kwanza ni ya vipimo. Mwalimu achukue sentimita za ujazo 5 za tindikali ya salfuriki yenye ukolezi wa moli 1 kwa lita, aitie nusu gramu ya zinki, aikusanye gesi juu ya maji katika silinda ya vipimo iliyopinduliwa ndani ya beseni. Kisha arudie kwa nusu gramu ya magnesi, na tena kwa nusu gramu ya chenga za chuma. Katika kila mara metali itabaki, kwa kuwa imezidi, na tindikali ndiyo itakayoisha; na katika kila mara gesi itakaribia sentimita za ujazo 120, ijapokuwa magnesi itaitoa kwa dakika chache na chuma kitajikokota pengine mpaka kipindi kinachofuata. Aongeze metali mara mbili, gesi haiongezeki; kisha aongeze na tindikali mara mbili, gesi inakuwa maradufu. Cavendish alipopima, metali ndiyo iliyokuwa kidogo na tindikali nyingi, na kwa hiyo kipimo chake kilifuata metali. Ukigeuza uwiano, kipimo kinafuata tindikali, na mwanafunzi anajifunza hapo si habari ya haidrojeni peke yake bali pia kwamba jibu la jaribio hutegemea namna swali lilivyoulizwa.

Njia ya pili ni nzuri zaidi, na ndiyo inayonifanya niipe shaba heshima ya kuwa kiini cha makala haya. Kwa desturi shaba huletwa darasani mwishoni, baada ya magnesi, zinki na chuma kwisha kuonyesha mbio zao, ili ipate kuonekana ikishindwa: waya wa shaba hutumbukizwa katika tindikali hafifu, darasa linangoja, hakuna kipovu, mwalimu anaandika ubaoni kwamba hakuna mmenyuko, kengele inalia. Ni hasara kuiacha shaba hapo. Mwalimu achukue kipande cha zinki kinachotoa vipovu polepole chini ya neli, kisha ashushe waya uleule wa shaba mpaka ncha yake iguse ile zinki. Papo hapo vipovu vitaanza kutoka juu ya shaba, vidogo, vingi, vimejipanga kuufuata waya kuanzia pale ulipogusana na zinki hadi pale unapotoka majini. Ainue waya, vipovu vinakoma. Aushushe, vinarudi. Waya ukitolewa, ukafutwa, ukakaushwa na kupimwa, uzito wake haukupungua. Shaba haikuliwa hata kidogo, na hata hivyo gesi imetoka juu yake. Basi gesi inayozaliwa juu ya metali isiyoyeyuka haiwezi kuwa imetoka ndani ya metali hiyo, na lile lililomhadaa Cavendish limefichuliwa kwa waya wa senti chache.

Maelezo yake ni haya: zinki inapoyeyuka huacha elektroni nyuma yake, na elektroni hizo, zikipata njia ya kupita, huingia katika shaba na kuzilaki ioni za haidrojeni juu ya uso wa shaba, ambako hupokelewa kwa wepesi kuliko juu ya zinki safi. Auguste de la Rive wa Geneva alionyesha mnamo 1830 kwamba zinki iliyo chafu huyeyuka upesi kuliko zinki safi, kwa sababu chembe za metali nyingine zilizochanganyika nayo huifanyia kazi ileile inayofanywa na waya wetu. Na ndiyo sababu mwalimu mwenye zinki isiyotaka kuanza hudondosha ndani ya neli matone machache ya maji ya mrututu, ambayo huipaka zinki utando mwembamba wa shaba, na mara vipovu vikaja kwa wingi. Wengi hufanya hivyo kwa kuwa kitabu kimesema, wakauita mrututu kichocheo, wakaendelea mbele. Wangesimama hapo kidogo wangekuwa wamegusa asili ya betri, na asili ya kutu inayokula meli bandarini.

Tukija katika ule mpangilio wa metali kwa nguvu zao, ambao ndio somo linalokusudiwa na mitaala mingi, kuna jambo la insafu linalosahauliwa. Metali hushindanishwa, lakini hazianzi mbio mahali pamoja: magnesi huletwa ikiwa utepe mwembamba, zinki ikiwa tonge, chuma kikiwa chenga, shaba ikiwa waya, na mwanafunzi huambiwa atazame ni ipi yenye kasi. Chenga za chuma, kwa wingi wa uso wake, zinaweza kulipita tonge la zinki safi, na mwanafunzi mwaminifu akaandika kwamba chuma kina nguvu kuliko zinki, kisha akapewa alama ya kosa kwa kuandika alichokiona. Vipande vingekatwa kwa ukubwa mmoja, vikasuguliwa kwa msasa mpaka ving'ae, tindikali ikawa ileile na joto lilelile, dhuluma hiyo isingetokea. Kadhalika na misumari. Shule nyingi, kwa kukosa chuma kingine, hutumia msumari wa bati ulionunuliwa dukani, na msumari huo umepakwa zinki ili usipate kutu. Ukitiwa katika tindikali huanza kwa vipovu vya kasi, kisha baada ya muda vipovu hivyo hupungua ghafla vikawa vya pole. Kile cha kwanza kilikuwa zinki, cha pili ndicho chuma. Mwalimu anayejua hivyo ana onyesho zuri bila kulitafuta. Asiyejua anabaki akieleza kwamba tindikali imechoka.

Halafu kuna harufu. Vitabu vinasema haidrojeni haina rangi wala harufu, na ni kweli. Lakini chuma kikiyeyuka darasani kinanuka, harufu kali isiyopendeza, na mwanafunzi mwenye pua nzima atauliza. Harufu hiyo ni ya gesi nyingine zinazotokana na kaboni, fosforasi na salfa zilizomo ndani ya chuma cha kawaida, na jawabu lake ni fupi. La kusikitisha ni kwamba mara nyingi jawabu linalotolewa ni amri ya kuandika "haina harufu".

Ama metali zinazoivunja kanuni, hizo ndizo ningependa zipewe muda mrefu kuliko zile zinazoitii. Aluminiamu, kwa nafasi yake katika mpangilio, ingepaswa kuipita zinki. Lakini itie katika tindikali hafifu ya haidrokloriki, nayo itakaa kimya dakika kadhaa kana kwamba haikusikia, kwa kuwa imejifunika utando wa oksidi ulio mwembamba usioonekana na mgumu kupenyeka. Utando ukishatobolewa, kazi huanza, joto hupanda, joto huongeza kasi, kasi huongeza joto, na neli iliyokuwa ikidhaniwa imelala hufurika povu na mvuke wa moto. Hivyo mwalimu asiitie nyingi, wala asiongeze tindikali kwa kukosa subira. Mama yeyote aliyepika mchuzi wa ukwaju au wa nyanya nyingi katika sufuria lililokuwa na weusi ndani, akaliona limetoka jeupe, ameona sehemu ya mambo haya, maana ukali wa ukwaju umeuondoa utando uliokuwa umeshika weusi huo.

Risasi nayo hufanya kinyume. Kipande cha risasi, mfano wa chubwi ya mvuvi, kikitiwa katika tindikali ya salfuriki hafifu hugusika kidogo tu, kisha husita kabisa. Kwa sababu chumvi inayozaliwa, salfeti ya risasi, haiyeyuki majini, hivyo hubaki juu ya metali ikawa ngao yake. Hapa kanuni haikutenguka kwa upungufu wa nguvu, bali imejifunga yenyewe kwa mazao yake. Na kushindwa huku kulifungua viwanda: John Roebuck wa Birmingham mnamo 1746 alitengeneza vyumba vilivyotandikwa risasi vya kuzalishia tindikali ya salfuriki, mahali pa vyombo vya kioo vilivyokuwa vidogo na vyepesi kuvunjika, na tangu hapo bei ya tindikali ikashuka na matumizi yake yakaenea, na hadi leo bamba za risasi hukaa miaka ndani ya tindikali katika betri ya gari bila kuliwa zikaisha. Kwa kuwa risasi ni sumu, aishike mwalimu mwenyewe, si wanafunzi.

Tindikali ya nitriki ni muasi wa aina nyingine. Ile shaba iliyokataa tindikali mbili za kwanza hukubali hii kwa pupa, lakini badala ya haidrojeni hutoa gesi ya rangi ya kahawia, yenye sumu, inayochoma koo na mapafu, na maji hugeuka buluu ya kijani. Ilhali chuma, ambacho tindikali hafifu hukitafuna, kikitumbukizwa katika tindikali ya nitriki iliyo kali sana hutulia kana kwamba kimepigwa ganzi, jambo ambalo Christian Schönbein wa Basel alilieleza kwa Michael Faraday katika barua mnamo 1836. Ira Remsen, aliyekuja kuwa mmoja wa wakuu wa kemia nchini Marekani, alisimulia kwamba ujanani mwake, baada ya kusoma kitabuni habari ya tindikali hii na shaba, aliimwagia senti, akashangaa moshi, akajaribu kuiokota, akavifuta vidole katika suruali, na akawa amejifunza mambo matatu kwa mkupuo mmoja. Mimi sioni haja ya kulifanya jaribio hilo darasani bila chumba cha kutolea moshi. Inatosha kulieleza, ili mwanafunzi ajue kwamba ile kanuni fupi ya ubaoni imezungumzia baadhi ya tindikali na baadhi ya metali, haikuzungumzia zote.

Na ule mlio unaoshangiliwa? Watu huuchukua kuwa sauti ya haidrojeni. Haidrojeni safi, ikiwashwa mdomoni mwa neli, huungua kimyakimya kwa mwali hafifu; inapochanganyika na hewa, kuanzia asilimia 4 hadi 75 hivi, ndipo hulipuka na kutoa sauti. Kwa hiyo mwalimu ambaye neli yake imeungua bila mlio hakushindwa, bali amekusanya vizuri kupita kiasi. Na yule ambaye hakupata mlio wala mwali, huenda aliiacha neli wazi, mdomo juu, na gesi iliyo nyepesi mara 14 kuliko hewa ikamtoroka. Ujuzi huohuo ndio hadhari yenyewe: kamwe moto usisogezwe kwenye chupa inayozalisha gesi, maana gesi ya mwanzo imechanganyika na hewa iliyokuwemo, na mlio wa neli ndogo ni mchezo, ila mlio wa chupa nzima ni vigae vya kioo usoni. Wanaotaka kuonyesha wepesi wa gesi hii wapitishe kijimrija katika maji ya sabuni, nao wataona mapovu yakipaa hadi darini. Wepesi huo ndio uliomwezesha Jacques Charles kurusha puto lake kutoka Paris tarehe 27 Agosti 1783, akilijaza kwa gesi iliyotoka katika takriban nusu tani ya chuma na robo tani ya tindikali, kazi iliyochukua siku kadhaa. Likaanguka katika kijiji cha Gonesse, na wanakijiji, kwa hofu ya mnyama wasiyemjua, wakalishambulia kwa zana za shambani. Lilikuwa jaribio lilelile la neli, ila kwa mapipa.

Huku kwetu tatizo la kwanza huwa ni vyombo, na ni tatizo la kweli, ingawa si kubwa kwa onyesho hili kama linavyosemwa. Nchini Tanzania, Rais Jakaya Kikwete aliagiza mnamo 2012 kwamba kila shule ya sekondari ya kata ijengewe maabara tatu, na wananchi wakachanga, na majengo yakainuka. Lakini jengo peke yake halitoi vipovu. Nchini Kenya mradi wa SMASSE wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi, ulioanza mnamo 1998 kwa msaada wa Japani, ulichagua mlango mwingine, ukawafundisha walimu kutenda, kumweka mwanafunzi mbele na kubuni vifaa kwa kile kilichopo. Na kwa maoni yangu mlango huo ulikuwa karibu zaidi na nyumba. Gamba la betri ya kawaida ya tochi iliyokwisha ni zinki: hufunguliwa kwa koleo, weusi wa ndani hukwanguliwa na kuwekwa kando, gamba huoshwa, husuguliwa na kukatwa vipande. Zile betri za alkali zisiguswe, kwa kuwa zinki yake ni unga uliolowa alkali kali inayochoma. Vichupa vya dawa ya sindano, vikisafishwa, hutosha kuwa neli, na mrija wa dripu hupitisha gesi. Mrututu hupatikana kwa wauza pembejeo, na waya wa shaba kwa fundi umeme.

Tindikali yenyewe hununuliwa katika maduka ya vipuri vya magari, nayo ni ya salfuriki, yenye ukali wa karibu moli 5 kwa lita, kwa hiyo haifai kutumiwa kama ilivyo; kipimo kimoja chake katika vipimo vinne vya maji huleta ukolezi unaokaribia moli 1. Tindikali ndiyo imiminwe majini, kidogo kidogo na kukorogwa, wala si maji katika tindikali. Maana maji ni mepesi, hukaa juu, huchemka papo hapo kwa joto la kuchanganyika, na kuruka usoni pamoja na kile kilicho chini yake. Ikimwagika mezani hunyunyiziwa magadi ya unga. Ikigusa ngozi, maji mengi yanayotiririka, kwa muda mrefu, kabla ya jambo lingine lolote. Sisemi haya kwa kutisha. Hofu tayari imo darasani, kwani tangu mashambulio ya kumwagia watu tindikali huko Zanzibar mnamo 2012 na 2013 tindikali imekuwa kwa wengi silaha ya wahalifu kabla haijawa kitu cha elimu, na wako wanafunzi wanaorudi nyuma mwalimu anapofungua chupa. Tindikali hafifu ya maonyesho si ile iliyoumiza watu. Waelezwe tofauti ya ukolezi kwa vipimo, na waone mwalimu mwenyewe amevaa miwani ya kukinga macho, ili wajue kwamba kuogopa na kuchukua hadhari ni mambo mawili.

Yako mambo mengine mawili. La kwanza ni kubashiri. Kabla metali haijaingia neli, kila mwanafunzi aseme au aandike kitakachotokea, na kwa nini. Asiyebashiri hana cha kupoteza, na asiye na cha kupoteza hatazami, huangalia tu. Katika shule ambazo somo husomeshwa kwa Kiingereza, ubashiri huo huja mkavu, maneno mawili ya kukariri, ama hauji kabisa. Mwalimu akiwaruhusu wabishane kwa Kiswahili kwa dakika tano juu ya kitakachoipata shaba, kisha wakaandika kwa lugha ya mtihani, atasikia mawazo ambayo hakujua kama yamo humo darasani, pamoja na lile la Cavendish.

La pili ni chumvi. Mlinganyo umeahidi vitu viwili, chumvi na haidrojeni, na katika madarasa mengi darasa huonyeshwa kimoja, tena kile kisichoonekana, ilhali kile cha kushikika humwagwa katika sinki pamoja na maji ya kuoshea. Ajabu kwamba watu hulalamika wanafunzi hawaelewi neno chumvi ila ile ya mezani! Maji yaliyobaki baada ya zinki yachujwe katika karatasi au kitambaa safi, yachemshwe taratibu katika kibakuli cha kauri mpaka yapungue, yaachwe dirishani usiku kucha. Asubuhi kutakuwa na fuwele nyeupe za salfeti ya zinki, na palipokuwa na chuma kutakuwa na fuwele za kijani hafifu. Salfeti ya zinki ndiyo iliyomo katika vingi vya vidonge vya zinki wanavyopewa watoto wenye kuharisha pamoja na maji ya chumvi na sukari, kwa ushauri ambao Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliutoa mnamo 2004. Na salfeti ya chuma ndiyo iliyomo katika vidonge vingi wanavyopewa wajawazito ili damu isipungue. Fuwele za darasani haziliwi, kwani zimetoka katika gamba la betri na tindikali ya gari, na hilo lisemwe kwa sauti. Zitiwe katika vichupa, ziandikwe majina na tarehe, ziwekwe rafuni. Na kama za chuma zitaanza kupiga rangi ya kutu baada ya wiki chache, kwa kuwa hewa inazigeuza, basi kuna kipindi kingine kimekwisha kujiandaa.